Namna ya Kuusoma Utafiti wa Vinasaba Kuhusu Nguvu za Kiume Ukiwa Tanga

Kuna kauli ambayo nimeisikia mara nyingi kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, nayo husemwa kwa sauti ya chini baada ya mwenyewe kuinuka na kwenda zake: "Hilo lao ni la damu, hata marehemu baba yake lilimpata." Anayesemwa hivyo ni mwanamume aliyepungukiwa na nguvu za kiume, na kauli hiyo ikimfikia humwelemea kama hukumu, kwa sababu jambo likishaitwa la damu watu hulichukulia kuwa halina dawa. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, na nimewapokea wanaume waliokaa na hukumu hiyo muda mrefu bila kupima hata sukari. Mwongozo huu nimewaandikia wao pamoja na wake zao, ili mtu anayesoma kwenye simu kwamba wanasayansi wamegundua jeni ya nguvu za kiume ajue habari hiyo inasema nini, haisemi nini, na kesho yake asubuhi aanzie wapi.

Ninachokiamini nitakisema mapema. Utafiti wa vinasaba bado haujatupatia kidonge kipya wala kipimo cha kununua kwa ajili ya tatizo hili, lakini umetuonyesha kwa uthabiti baadhi ya mahali ambapo chanzo hukaa, na mengi ya mahali hapo hupimika katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, au hata katika kituo cha afya cha Makorora au Pongwe, kwa tone la damu na mashine ya presha.

Fahamu kwanza kinachofanyika mwilini

Uume husimama kwa kujaa damu. Msisimko ukiteremka kutoka kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu, miisho ya mishipa hiyo pamoja na utando wa ndani wa mishipa ya damu hutoa gesi iitwayo oksidi ya naitriki. Gesi hiyo huamsha kemikali inayolegeza misuli laini, ateri zikapanuka, damu ikaingia kwa wingi, na vena zinazoitoa zikabanwa ili isirudi upesi. Baadaye kimeng'enya kiitwacho PDE5 huivunja kemikali hiyo na hali hurejea ilivyokuwa. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi wao kuhusu kazi ya gesi hiyo katika moyo na mishipa ya damu, na mwaka huohuo sildenafil, dawa inayokizuia kimeng'enya cha PDE5, iliidhinishwa Marekani. Watafiti wa Pfizer walioko Sandwich, Uingereza, walikuwa wameanza kuijaribu kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, ndipo wakaiona kazi yake hii nyingine.

Kila hatua katika mfululizo huo hutegemea protini, na kila protini hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, yaani kipande cha vinasaba. Ndiyo maana watafiti wa mwanzo walizishuku jeni walizokwisha kuzijua, hasa NOS3, inayobeba maelekezo ya kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya naitriki kwenye mishipa ya damu. Ilichunguzwa katika nchi nyingi na matokeo yakapishana, kwa kuwa nyingi za tafiti hizo zilikuwa na watu wachache. Mimi nikiona habari iliyojengwa juu ya wagonjwa mia moja na jeni moja iliyochaguliwa kabla ya kazi kuanza, huiweka kando mpaka wengine wairudie.

Iulize habari maswali kabla ya kuiamini

Swali la kwanza ni urithi wenyewe una uzito gani. Jibu zuri tulilonalo limetoka kwa pacha, kwa sababu pacha wa yai moja wana vinasaba vilevile, ilhali pacha wa mayai mawili hushirikiana takriban nusu tu, na kwa kuwalinganisha unaweza kukadiria sehemu ya damu na sehemu ya maisha. Utafiti wa pacha wa kiume waliotumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, uliochapishwa mwaka 2004, ulikadiria kwamba takriban theluthi moja ya tofauti baina ya wanaume katika uwezo wa uume kusimama hutokana na vinasaba, na takriban asilimia 42 kwa uwezo wa kudumu ukiwa umesimama. Maneno "tofauti baina ya wanaume" yasikupite. Hayana maana kwamba theluthi ya ugonjwa wako umetoka kwa baba na theluthi mbili ni zako mwenyewe. Yana maana kwamba katika kundi zima, wengine kwa wengine, damu inaeleza sehemu hiyo na sehemu kubwa zaidi hutokana na mambo mengine, kama vile umri, chakula, sigara, maradhi, dawa, hofu na huzuni.

Swali la pili ni jeni gani hasa imepatikana na imepatikana vipi, na hapa ndipo magazeti hukosea zaidi. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Eric Jorgenson wa shirika la Kaiser Permanente huko California walichapisha matokeo ya wanaume zaidi ya 36,000, wakayahakiki kwa wengine zaidi ya 222,000 waliomo katika hazina ya taarifa za afya ya Uingereza iitwayo UK Biobank. Hawakuchagua jeni ya kushuku. Walipitia vinasaba vyote, alama kwa alama, wakitafuta alama zinazoonekana zaidi kwa wenye tatizo kuliko kwa wasio nalo. Walipata sehemu moja iliyojitokeza wazi, katika kromosomu (kifungu cha uzi wa vinasaba) ya 6, jirani na jeni iitwayo SIM1. Muda mfupi baadaye kundi jingine, la vyuo vikuu vya Oxford na Exeter pamoja na washirika wao wa Estonia na Marekani, likiwa na wanaume zaidi ya 223,000 ambao 6,175 kati yao walikuwa na tatizo, lilifika palepale.

Mkazi wa Tanga ana njia rahisi ya kuuelewa ugunduzi wa namna hii. Ngamiani imepangwa kwa barabara zenye nambari, na ukimtafuta mtu ukaambiwa yuko barabara ya kumi na mbili, umepunguziwa kazi kubwa, lakini bado hujaijua nyumba wala chumba. Tafiti za kupitia vinasaba vyote hukupa barabara. Katika barabara hii palikuwa na nyumba mbili za kushukiwa, SIM1 na jirani yake MCHR2, na badiliko lenyewe halikuwa ndani ya nyumba yoyote, lilikuwa uwanjani. Wachunguzi walipoendelea maabara waliona kwamba kipande hicho cha uwanjani hufanya kazi kama swichi iliyowekwa mbali na taa, kwa kuwa uzi wa vinasaba hujikunja mpaka swichi ikaigusa SIM1 na kuathiri namna inavyowashwa. SIM1 yenyewe hufanya kazi kwenye ubongo, katika njia inayohusika na njaa, uzito wa mwili na pia matamanio. Hata hivyo athari yake kwa nguvu za kiume ilibaki baada ya watafiti kuzingatia uzito wa wahusika, na kwangu hilo ni jambo la kuheshimiwa sana: limeonyesha kwa ushahidi wa vinasaba kwamba ubongo una sehemu yake katika jambo ambalo wengi tulilihesabu kuwa la mishipa ya damu peke yake.

Kisha uliza hatari imeongezeka kiasi gani, na imeongezeka kutoka wapi. Habari za utafiti wa California zilisema badiliko la jirani na SIM1 huongeza hatari kwa asilimia 26, na niliwahi kumsikia mtu akieleza kwa uhakika kwamba mwenye badiliko hilo ana uwezekano wa asilimia 26 wa kuharibikiwa. Hesabu haiendi hivyo. Ikiwa katika wanaume mia wa rika fulani wasio na badiliko hilo ishirini wana tatizo, basi katika mia wenye nalo watakuwa karibu na ishirini na tano kwa makadirio, maana yake wale sabini na tano waliobaki wanalibeba badiliko lilelile na hawana tatizo lolote. Umri pekee unauzidi uzito huo kwa mbali: utafiti wa Massachusetts uliochapishwa mwaka 1994 uliwakuta wanaume 52 kati ya kila 100 wenye miaka 40 hadi 70 wakiwa na upungufu wa kiwango fulani, mdogo au mkubwa.

Mwisho uliza waliopimwa ni nani. Utafiti wa Oxford na Exeter ulikuwa wa watu wenye asili ya Ulaya, na ule wa California ulikuwa na mchanganyiko ambamo wengi pia walikuwa Wazungu. Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko watu wa mabara mengine yote, kwa hiyo alama iliyopatikana Uingereza au Estonia huenda isiwe na uzito uleule kwa Mdigo wa Mkinga au Msambaa wa Lushoto. Jambo hili nitalirudia mwishoni, kwa sababu lina upande wake wa kutudai sisi wenyewe.

Kura ya jeni na kisukari

Sasa nifike mahali ambapo utafiti huu umemsaidia mgonjwa wa kawaida kuliko pengine popote. Tumejua siku nyingi kwamba wenye kisukari hupata upungufu wa nguvu za kiume. Uchunguzi wa wanaume 312 waliohudhuria kliniki ya kisukari ya Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta zaidi ya nusu yao wana tatizo hilo. Lakini mwenye kisukari mara nyingi ana presha pia, ana uzito mkubwa, anakunywa dawa, ana mawazo, na umri umekwenda. Unajuaje kwamba kisukari chenyewe ndicho mkosaji?

Watafiti wa Oxford na Exeter walitumia njia ya busara. Mtoto anapotungwa hupokea jeni kutoka kwa baba na mama kama mtu anayepigiwa kura ya bahati nasibu, na kura hiyo hupigwa kabla hajajua sigara, kazi wala mapenzi. Wako waliopata jeni nyingi zinazoelekeza kwenye kisukari cha ukubwani na wako waliopata chache, bila kujali wataishije baadaye. Ukiwakuta wale wa kundi la kwanza wanapata upungufu wa nguvu za kiume zaidi ya wa kundi la pili, una sababu nzito ya kusema kwamba kisukari kinausababisha, kwa kuwa kura haiangalii tabia. Ndivyo walivyokuta.

Kwa hiyo mtu akisema barazani kwamba tatizo la ukoo fulani ni la damu, huenda anasema kweli kwa njia ambayo hakuikusudia. Katika koo nyingi kinachorithiwa ni mwelekeo wa kupata kisukari, presha au mafuta kwenye mishipa, na nguvu za kiume hupotea kama matokeo. Mwelekeo huo hupunguzwa kwa kupunguza uzito, kwa mwendo na kwa dawa. Baba aliugua wakati ambapo mashine ya kupima sukari ilikuwa adimu, ilhali mwanawe anaishi mtaa wa pili kutoka kwenye mashine hiyo.

Selimundu, ambayo haitajwi inapostahili kutajwa

Nimeona miongozo mingi ya nguvu za kiume iliyoandikwa kwa Kiswahili, na karibu yote hunyamaza kuhusu selimundu, ugonjwa ambao mtaani huitwa sikoseli. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, na pwani yetu yenye malaria ya siku zote ndiyo mahali ambapo jeni yake ilistawi. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza mwaka 1954 kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria, na ndiyo maana jeni hiyo haikupotea. Mwenye jeni moja kwa kawaida huishi bila ugonjwa. Mwenye jeni mbili, moja ya baba na moja ya mama, ndiye mgonjwa, na wazazi wawili wenye jeni moja moja wana uwezekano wa asilimia 25 katika kila ujauzito wa kumpata mtoto wa namna hiyo.

Badiliko lenyewe ni la herufi moja tu ya vinasaba katika kromosomu ya 11. Chembe nyekundu za damu huwa ngumu na kujipinda kama mundu, na katika uume huweza kunasa na kuzuia damu isitoke. Wakati huohuo chembe zinazopasuka humwaga hemoglobini inayoimeza oksidi ya naitriki, na mpangilio wote wa kusimamisha na kulegeza uume huvurugika. Matokeo yake ni uume kusimama wenyewe bila matamanio, kwa maumivu, mara nyingi usiku, na wakati mwingine kwa saa nyingi. Damu isiyotembea hukosa oksijeni, tishu huanza kuharibika, kovu huingia, na kijana wa miaka kumi na tisa hubaki na upungufu wa nguvu za kiume wa maisha yake yote.

Anachopaswa kujua mzazi wa mtoto wa kiume mwenye selimundu ni hiki. Mwambie mapema, kabla ya kubalehe, kwamba jambo hilo linaweza kumtokea, kwamba ni la ugonjwa na halina uhusiano na uchafu wa mawazo, na kwamba akipata ana ruhusa ya kukuamsha saa yoyote ya usiku. Likianza, akojoe, anywe maji mengi, atembeetembee, na anaweza kuoga maji ya uvuguvugu. Barafu asiweke, kwa sababu baridi huzidisha kujipinda kwa chembe. Likidumu kwa muda wa saa nne bila kupungua, ni dharura ya kwenda Bombo usikuusiku, na akifika hospitali aseme wazi kwamba ana selimundu. Vipindi vifupi vinavyojirudia navyo vipelekwe kliniki, kwa kuwa hutangulia kile kirefu. Wavulana huona haya, akina mama huona haya kuuliza, na akina baba mara nyingi hawaambiwi kabisa. Haya hiyo imewagharimu vijana wengi jambo ambalo lingezuilika.

Tiba za jeni zimepiga hatua kubwa katika selimundu kuliko mahali pengine popote ninapopazungumzia hapa. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo kwa mzazi wa Chumbageni leo dawa ya kuulizia kliniki ni haidroksiurea, ambayo hupunguza vipindi vya maumivu.

Andika daftari la ukoo

Kabla ya kumwona daktari, nunua daftari la kawaida na uandike historia ya ukoo wako kwa vizazi vitatu, upande wa baba na wa mama. Usianze kwa kuuliza nani alikosa nguvu, kwa sababu hakuna atakayekujibu. Uliza nani alikuwa na sukari, nani alikatwa mguu, nani alipata kiharusi, nani alianguka ghafla na kufa kabla ya miaka sitini, nani alikuwa na presha, na watoto gani walikufa wadogo kwa kukosa damu au kwa maumivu ya mifupa. Majibu ya maswali hayo ndiyo ramani ya vinasaba unayoweza kuipata bila gharama, na daktari ataisoma kwa faida kubwa.

Shangazi hukumbuka kuliko wajomba, hilo nimelishuhudia kila mara. Kwa babu aliye hai, mtume mjukuu, kwa kuwa baina yao kuna utani na mjukuu anaweza kuuliza kwa kicheko jambo ambalo mtoto hawezi kulitaja mbele ya baba yake. Koo nyingi za Tanga zina pengo ambalo halina wa kulaumiwa: babu alikuja kama manamba kukata mkonge kutoka Kigoma, Songea, Burundi au Msumbiji, akaacha ndugu huko, na hakuna tena anayejua walikufa kwa maradhi gani. Ukiwa wa ukoo kama huo andika "haijulikani" na uzidishe bidii katika vipimo. Na kama wazazi wako ni binamu, yaani watoto wa mtu na ndugu yake, jambo la kawaida kwetu pwani, liandike pia, kwa sababu magonjwa yanayohitaji jeni mbili, kama selimundu, huonekana zaidi katika ndoa za namna hiyo.

Yapo pia mambo machache ya kuzaliwa nayo yanayogusa homoni moja kwa moja. Mwanamume mmoja kati ya takriban 600 huzaliwa na kromosomu moja ya X iliyozidi, mara nyingi bila kujua, na hukua akiwa na korodani ndogo, homoni ya kiume ya kiwango cha chini na shida ya kupata mtoto. Ukiona dalili hizo ziseme kwa daktari.

Siku ya kwenda hospitali

Nenda asubuhi bila kula tangu usiku. Sukari ya mtu aliyefunga ikifika 7.0 au zaidi kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyohivyo, hicho ni kisukari. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi inayojirudia inahitaji kutibiwa. Omba pia kipimo cha mafuta ya damu. Homoni ya testosteroni hupimwa kati ya saa moja na saa tano asubuhi, kwa sababu baadaye mchana hushuka yenyewe, na jibu la chini lirudiwe siku nyingine kabla ya kuanza dawa yoyote.

Mwambie daktari hali imeanza lini na kwa namna gani. Ikiwa uume husimama usingizini au alfajiri lakini hukataa mbele ya mke, huenda chanzo kiko zaidi kwenye hofu, ugomvi au huzuni, ingawa hiyo si kanuni isiyovunjika. Ikiwa alfajiri nako kumekufa pole pole kwa miezi, mishipa ya damu inashukiwa zaidi, na hapo usitoke bila kuzungumza kuhusu moyo: ateri za uume ni nyembamba, milimita 1 hadi 2, na za moyo ni milimita 3 hadi 4, kwa hiyo uchafu uleule huziba za uume kwanza na za moyo miaka kadhaa baadaye. Nawasihi wanaume wa miaka arobaini na kitu waliheshimu onyo hili, maana wengine hawalipati jingine. Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za presha na za sonona, lakini usiache yoyote kwa uamuzi wako. Taja sigara, pombe, mirungi na unga kama vipo, kwa kuwa heroini hushusha homoni ya kiume na daktari hawezi kukisia.

Mke wako naye aambiwe. Mume anayejificha kwa mwaka mzima humfanya mama watoto adhani ameachwa kwa ajili ya mwingine, na ugonjwa mmoja huzaa msiba wa pili nyumbani.

Wauzaji watakaokukimbilia

Ukishaanza kutafuta habari hizi kwenye simu, matangazo yatakufuata. Kipimo cha vinasaba kinachodai kukueleza hatima ya nguvu zako usikinunue, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa: alama iliyopo ina uzito mdogo, haijathibitishwa vya kutosha kwa watu wa asili yetu, na jibu lolote utakalopata halitabadilisha hatua ya kwanza, ambayo ni kupima sukari na presha. Nchini kwetu uchunguzi wa vinasaba vya binadamu unasimamiwa na sheria ya mwaka 2009 chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo mtu anayekuomba ute wa mdomo gengeni ana la kujibu.

Kuhusu tiba ya jeni kwa upungufu wenyewe, jaribio la kwanza kwa binadamu lilitangazwa mwaka 2006 na kundi la Arnold Melman huko New York. Wanaume 11 walichomwa sindano moja ya jeni inayotengeneza njia za potasiamu katika misuli laini ya uume ili ilegee kwa urahisi. Hakuna aliyepata madhara makubwa kutokana nayo, na waliopewa dozi kubwa zaidi walionyesha nafuu. Wazo ni zuri na ninalifuatilia kwa hamu, lakini hadi leo hakuna tiba ya jeni iliyoidhinishwa kwa tatizo hili mahali popote, na anayekuuzia sindano ya namna hiyo anakuuzia kitu kingine.

Supu ya pweza ni chakula kizuri, inywe. Vumbi la Kongo na unga mwingine usio na chanzo ni jambo tofauti, kwa sababu maabara za udhibiti katika nchi nyingi zimekuta sildenafil imechanganywa kwa siri ndani ya dawa zinazouzwa kama za miti shamba. Mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akimeza mchanganyiko huo, presha yake huweza kushuka mpaka akafa. Sildenafil, au mwenzake tadalafil, ya daktari, kwa dozi inayojulikana, ni salama zaidi kuliko ile usiyojua kuwa unaimeza.

Ukiombwa damu kwa ajili ya utafiti

Nilisema nitarudi kwenye swali la waliopimwa. Mkoani Tanga kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Bagamoyo kuna Taasisi ya Afya Ifakara, na watu wa pwani wamezoea kuombwa damu kwa ajili ya malaria. Siku mtafiti akija na swali la kisukari, mishipa ya damu au nguvu za kiume, ningependa wanaume wetu wajitokeze, na nina sababu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba Wamarekani weusi waliozaliwa na badiliko fulani katika jeni ya PCSK9 walikuwa na lehemu ndogo, yaani mafuta machache katika damu, na walipata maradhi ya moyo mara chache sana, na kutokana na ujuzi huo zikatengenezwa dawa zilizoidhinishwa mwaka 2015. Badiliko hilo lilionekana kwa sababu watu wenye asili ya Afrika walihesabiwa.

Kujitokeza lakini kuna masharti yake. Omba uonyeshwe kibali cha maadili kutoka kwa taasisi hiyo ya taifa. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili mpaka uielewe, na uliza damu itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, kama itasafirishwa nje ya nchi na kwa mkataba upi, jina lako litafichwaje, na kama utaambiwa iwapo watakuta jambo linalohitaji tiba. Una haki ya kukataa, na ya kujitoa baadaye, bila kunyimwa huduma yoyote hospitalini. Ukikubali, dai nakala ya fomu yenye simu ya mtafiti, uiweke ndani ya daftari la ukoo, kwenye ukurasa wenye jina lako.